Ngumi Badala ya Kijiti: Uchambuzi wa Kisa cha Mwongozaji wa Opera na Kikundi cha Taarab Unguja

Usuli

Kondakta, mjini Unguja, ni kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala akidai nauli. Kwa hivyo anayesimama mbele ya okestra hapa ataitwa mwongozaji. Majina ya watu, kikundi, ukumbi, tarehe na nchi waliyotoka wageni vimeondolewa.

Kikundi ni cha taarab asilia, kile cha fidla nyingi na kanuni (chombo bapa cha nyuzi nyingi) katikati, si cha vinanda vya umeme. Kilikuwa na fidla 6, selo 1, besi 1, kanuni 1, udi 2, nai 1 (filimbi ya mwanzi), kodiani 1, dumbak 1 (ngoma ya mkono), rika 1 (tari ndogo), bongo 1 na waitikiaji 7, pamoja na mwimbaji mkuu, mama wa makamo. Jumla watu 24. Wanaosoma nota vizuri hawakuzidi watano; waliobaki hupiga kwa kichwa, na kichwa hicho kina nyimbo nyingi kuliko kabati la karatasi. Kiongozi ni mpiga fidla ya kwanza, mzee ambaye kila mtu humwita Maalim. Huongoza akiwa amekaa, kwa ncha ya upinde na kwa nyusi.

Wageni walikuwa 12: fidla 4, viola 2 (fidla kubwa kidogo), selo 2, filimbi 1, klarineti 1, mwimbaji wa soprano (sauti ya juu ya kike) na mwongozaji mwenyewe. Mwongozaji huyo alikuwa na miaka 25 na ushei katika kazi hiyo. Alianzia pale waongozaji wengi wa Ujerumani wanapoanzia, yaani kupiga piano ya mazoezi katika nyumba ya opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa: kukaa na mwimbaji mmoja mmoja chumbani, kumfundisha maneno na pumzi, huku akipiga kwa vidole kumi sehemu za okestra nzima. Ngazi ya pili ni Kapellmeister, anayeongoza maonyesho ya kila wiki, mara nyingi bila zoezi hata moja na okestra. Ya juu kabisa ni mkuu wa muziki wa nyumba nzima. Huyu alipanda ngazi mbili, kisha akaishi maisha ya sanduku: wiki sita mji huu kwa opera mpya, siku nne mji ule kwa onyesho la okestra, halafu uwanja wa ndege tena. Aliyezoea kukutana na watu 80 asiowajua Jumatatu na kusimama nao mbele ya hadhira Alhamisi hawezi kuziona siku tisa za Unguja kuwa chache.

Si mara ya kwanza kwa mambo haya mawili kukaa jirani. Inasimuliwa kuwa ni katika enzi ya Sayyid Barghash (1870–1888) ndipo muziki wa Misri ulipoletwa Unguja na mtu akapelekwa huko kujifunza kanuni. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilianzishwa 1905. Na Cairo ileile ndiko nyumba ya opera ilikofunguliwa 1869, na opera ya Aida ya Verdi ikapigwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Disemba 1871. Fidla na selo za taarab zilifika kwetu kwa njia ya okestra za Misri, ambazo nazo zilizichukua Ulaya. Kisa hiki ni cha jamaa waliopoteana muda mrefu, na kama kawaida ya jamaa, kila mmoja alidhani anamjua mwenzake.

Mpango

Onyesho lilikuwa la usiku, uwanja wa wazi Mji Mkongwe, wakati wa kaskazi, dakika 75. Mambo sita: kipande cha nyuzi cha wageni, aria moja (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya Handel kutoka opera ya Rinaldo (London, 1711), nyimbo tatu za taarab, moja ya rasta, moja ya bayati, moja ya hijazi (majina ya mipangilio ya sauti ya Kiarabu), na samai, iliyo ndugu ya bashrafu, ya vyombo vitupu.

Mpangilio aliutoa mwongozaji: wageni waanze, aria ifuate, nyimbo tatu, kisha samai wote kwa pamoja iwe kifungio kikubwa. Maalim alisema sentensi moja tu: "Bashrafu hufungua, haifungi." Hakubishiwa, na hakusikilizwa pia.

Mazoezi yalikuwa saba, Jumamosi hadi Ijumaa, saa mbili na nusu hadi saa tano usiku, baada ya Isha. Barua ya mwanzo iliandika "2:30" bila kueleza zaidi, na Jumamosi wageni walifika mchana, saa nane na nusu, mlango umefungwa. Walikwenda kunywa maji ya madafu. Hasara haikuwa kubwa.

Nota za nyimbo zilinakiliwa na kijana mpiga fidla wa kikundi aliyesomea nota, kwa kusikiliza kanda za mazoezi kwa wiki tatu. Kazi yake kwa jumla ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na makosa mawili, na yote mawili yalikuja kugharimu.

Usiku wa kwanza na wa pili: sauti ya la

Wageni walikuja na la yao, nota ya kupatanishia vyombo, ya hezi 442, kama okestra nyingi za Ulaya. Kodiani ya kikundi, chombo kikongwe ambacho hakuna fundi wa karibu wa kukirekebisha, ilipimwa ikakutwa 438. Kanuni ilikuwa imekazwa kufuata kodiani. Mwongozaji akaamua wote wapande 442, kwa hoja kwamba wageni ni wengi wa nyuzi na sikio lao limeshazoea.

Kanuni ya kikundi ina safu 26 za nyuzi tatu tatu, yaani nyuzi 78. Kuikaza upya kulichukua dakika 50, na nyuzi mbili zikakatika. Ilipokwisha, kodiani ikasikika imeanguka chini kwa takriban sehemu ya sita ya nusu-toni. Hiyo si tofauti ya kusameheka: sauti mbili zinapepea na sikio linachoka.

Juu ya hilo, kuna hali ya hewa. Uwanja ulikuwa na nyuzi joto 30 hata baada ya Isha. Chombo cha kupuliza hupanda kadiri hewa iliyo ndani yake inavyopata joto, kwa sababu sauti husafiri haraka zaidi. Toka nyuzi joto 20 hadi 30 klarineti inaweza kupanda karibu robo ya nusu-toni. Upande wa pili, daraja la kanuni limekalia ngozi, na ngozi hunywa unyevu, hulegea, ikavuta nyuzi zote chini pamoja nayo. Ngozi ya rika vilevile. Mpigaji wake huipasha joto kwenye taa kila baada ya nyimbo mbili. Nywele za upinde wa fidla nazo hurefuka. Kwa hivyo wakati klarineti inapaa, kanuni inazama, na hakuna aliyekosea.

Jumapili ndipo kosa la kwanza la nota lilipojitokeza. Wimbo wa rasta unataka mi iliyoshushwa robo toni, ambayo Maalim na wenzake huiita sika. Katika karatasi za fidla na selo, alama ilikuwa sahihi, ile ya kushusha iliyokatwa kwa mstari. Katika karatasi za viola, programu ya nota iliitoa kama alama ya kawaida ya kushusha nusu-toni nzima. Viola mbili zikageuza rasta kuwa nahawandi, mpangilio mwingine kabisa. Mwimbaji alinyamaza katikati ya beti, akawatazama wale wageni wawili kama anavyotazamwa mtoto aliyeingia na viatu msikitini. Ilichukua dakika 20 kupata chanzo, kwa sababu viola hujificha katikati ya sauti nyingine na mwongozaji alikuwa akiwatafuta wapiga fidla.

Lilipopatikana hilo, likaja la ndani zaidi. Mgeni mmoja alifungua programu ya simu, akaweka kidole kwenye robo toni kamili, akaambiwa na Maalim kuwa hiyo siyo. Kwenye rasta sika hukaa juu kidogo. Kwenye bayati hukaa chini kidogo. Alama ya karatasini ni moja. Mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo 1932, akiwemo mtunzi wa Hungaria Béla Bartók, ulijadili kuigawa sauti katika robo 24 zilizo sawa, na suala hilo halikumalizwa. Wageni walitaka limalizwe Unguja kabla ya saa tano.

Usiku wa tatu: uamuzi wa viti

Jumatatu mwongozaji alibadilisha mambo mawili.

La kwanza, la ilishushwa hadi 440. Kodiani ya 438 ikabaki chini kwa tofauti ndogo inayofichika ndani ya fidla kumi. Klarineti ikavutwa maungio yake milimita 2, ikashuka hadi pale inapoweza. Kisha wakagawana: klarineti katika rasta na bayati, ambako kodiani hunyamaza hata hivyo kwa kuwa haina robo toni, kodiani katika hijazi, klarineti kimya. Vyombo viwili visivyoweza kupatana havikupewa nafasi ya kugombana.

La pili, wageni waliokuwa wamekaa mbele kwa kundi lao walitawanywa. Kila mgeni wa nyuzi alikaa ubavuni mwa mwenyeji, stendi moja, na safu ya pili ya viti ikasogezwa hadi kanuni ikasikika bila kipaza sauti. Agizo likawa: macho kwenye karatasi kwa ajili ya mdundo na mpangilio, sika ipatikane kwa jirani, na jirani aipate kwa kanuni. Kanuni ina vikonyo vidogo vya shaba karibu na vigingi, vya kupandisha na kushusha kila safu. Mpigaji akishavipanga kwa rasta, sika imeshaamuliwa, hakuna mjadala.

Lilileta shida ndogo. Fidla mbili za wazee hutiwa sol-re-sol-re, si sol-re-la-mi, kwa hivyo vidole vya jirani havikusaidia kutazama. Mgeni aliyekaa na mmoja wao alilalamika kwamba anaona kidole cha tatu na kusikia sauti ya cha pili. Akaambiwa afumbe macho. Kufika Jumatano sika ya wageni ilikuwa imekaa, isipokuwa selo moja ambayo hadi mwisho ilikuwa ikiteleza.

Usiku wa nne: mkono na dumbak

Tatizo lililofuata halikuwa la sauti, lilikuwa la wakati. Kwenye okestra kubwa za Ulaya, za Ujerumani hasa, sauti hutoka nyuma kidogo ya mkono: mkono unafika chini, kisha okestra inajibu kama wimbi. Mwongozaji anazoea kuishi mbele ya sauti anayoisikia. Katika taarab hakuna mkono. "Dum" ya dumbak, pigo lake zito, ndiyo ardhi. Kwa hivyo usiku wa pili na wa tatu kulikuwa na nyakati tatu uwanjani: mkono, wageni nyuma ya mkono, na wenyeji na dumbak yao. Mwongozaji alisikia dumbak inakimbia. Mpiga dumbak alisikia wageni wanaburura. Alipoongeza nguvu ya mkono, wageni wakazidi kuchelewa, kwani mkono mkubwa huleta sauti nzito.

Maalim alimwambia kupitia kijana wa nota: "Mwanangu, mkono wako mzuri. Lakini masikio ya watu hawa yako kwenye dumbak, na masikio hayana kope."

Mwongozaji alirudisha kijiti kwenye kisanduku chake. Aliomba vyombo vyote vinyamaze, mwimbaji aimbe wimbo wa bayati peke yake, beti tatu, na yeye akakaa sakafuni na penseli nyekundu. Hakujua Kiswahili, lakini aliweza kusikia vina. Mstari wa shairi lile una mizani 16, nane na nane, na mwimbaji huvuta pumzi baada ya kina cha kati. Aliweka alama hapo. Halafu akagundua kuwa mstari wa tatu wa kila beti mwimbaji haivuti: anaunganisha mizani zote 16 kwa pumzi moja, anaichelewesha silabi ya mwisho, na ni hapo ndipo hadhira humshangilia. Kwa mujibu wa karatasi, nyuzi zilikuwa zinaingia juu ya silabi ile na kuiua. Mwongozaji akaiongezea alama ya kusubiri, na akachukua jukumu la kuwaingiza yeye mwenyewe kwa kutazama mabega ya mwimbaji.

Tangu usiku huo, katika nyimbo za taarab alifanya mambo matatu tu: kuingiza, kusubiri pumzi, na kufunga. Mdundo aliuacha kwa dumbak, na aliwaambia wageni waziwazi kuwa mkono wake si saa. Katika aria ya Handel aliongoza kikamilifu, na huko mpiga kanuni alikalia nafasi ya kinanda cha zamani kinachotembea na besi. Aria ile iko katika fa kubwa, kwa maneno ya wenyeji ni ajam, hakuna sika ya kugombania, na kanuni ilikaa humo kama iliandikiwa.

Jumatano ilikwenda yote kwenye samai. Mdundo wake ni wa kumi: dum kwenye 1, tak (pigo jepesi) kwenye 4, dum kwenye 6 na 7, tak kwenye 8. Nota ziliandikwa kama tano na tano, na wageni wakaupiga hivyo, ukachechemea. Ni tatu, mbili, mbili, tatu. Ukiongozwa kwa mikono minne isiyolingana, unatembea. Saa mbili na nusu zilitumika kulipata hilo, zaidi ya wimbo wowote, pamoja na nusu ya usiku wa Jumanne na nusu ya Ijumaa.

Usiku wa sita: kutunza

Alhamisi mazoezi yalifunguliwa kwa jamaa na majirani, watu kama 60. Hapo kosa la pili la nota likafichuka.

Kijana alinakili kutoka kanda za mazoezi, na mazoezini hakuna anayetunza. Katika kanda, kipokeo kinarudiwa mara mbili. Mbele ya watu, mama wa kwanza akiinuka na noti yake, akija kwa mwendo wa madaha huku khanga imetangulizwa bega, haharakishwi. Anamfikia mwimbaji, anasimama, anamtunza, anarudi kwa mwendo uleule. Mwimbaji anarudia mstari uliomgusa mama yule, kwa sababu ujumbe ule ameununua. Nyuma yake kuna wa pili na wa tatu. Wapo wanaotunza kwa kumpenda mwimbaji, na wapo wanaotunza ili jirani fulani aone ni mstari upi ametunzia.

Wageni walifika mwisho wa karatasi wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, huku wenyeji wakiendelea. Mgeni wa filimbi alirudi mwanzo wa wimbo. Selo mbili zilikisia. Mwongozaji alitazama karatasi kuu kutafuta palipopotea, na muda wote aliokuwa akitazama chini, Maalim alishika wimbo kwa nyusi.

Ijumaa walitengeneza kitu walichokiita kitanzi. Vipimo nane vya kipokeo viliwekewa mabano mekundu katika kila karatasi, na maneno haya juu yake: *rudia mpaka ngumi*. Mwongozaji akiinua mkono wa kushoto uliofungwa, mzunguko unaoendelea ndio wa mwisho. Naye anainua ngumi akimtazama nani? Walijaribu kwanza amtazame Maalim, ikachelewa nusu mzunguko, kwani Maalim mwenyewe humsubiri mwimbaji. Wakakubaliana na dalili ya mwimbaji mwenyewe: akirudi hatua moja nyuma na kushusha mkono wa noti, foleni imekwisha. Walifanya jaribio mara sita, waitikiaji wakijifanya watunzaji kwa vipande vya karatasi, na kucheka kwingi.

Jambo moja halikukumbukwa na mtu yeyote: mwimbaji wa soprano hakuambiwa chochote.

Usiku wa onyesho

Upepo wa bahari ulianza saa mbili. Vibanio vya nguo vilivyonunuliwa vilikuwa 24, stendi 20, na stendi moja ya nota katika upepo huo inataka viwili juu na kimoja kati ya kurasa. Ukurasa wa tatu wa fidla ya pili uliishia mwembeni.

Wageni walianza na kipande chao mbele ya viti vilivyojaa nusu. Unguja watu huja taarab wakijua kuwa cha mwanzo ni cha kukaribishia: ndipo watu wanapoamkiana, kanuni inapomalizia kujipatanisha, ngozi zinapopata joto. Kipande hicho, ambacho wageni walikifanyia kazi sana, kilipigwa juu ya "shikamoo" na "marahaba". Kanuni iliyokaa kimya dakika 11 kwenye unyevu iliingia kwenye Handel ikiwa imeshuka, na mpigaji alirekebisha safu tano huku anapiga.

Aria ile ina sehemu tatu, ya tatu ikiwa ni ya kwanza iliyorudi na mapambo. Hadhira iliielewa mara moja, maana kurudi na mapambo ndiko kwao. Sehemu ya tatu ilipoanza, mama mmoja wa safu ya pili aliinuka. Alipofika, akaiweka noti ya elfu kumi kwenye kiganja cha soprano. Soprano alikata pumzi katikati ya neno na kurudi nyuma. Mwongozaji alizuia nyuzi kwenye fa, akaacha kanuni itembee peke yake polepole, kisha akavuta pumzi kubwa ya kuonekana, mdomo wazi, na soprano akavuta naye na kuingia. Ilikuwa kama sekunde nne. Mama wa pili alipofika, kiganja kilikuwa wazi.

Nyimbo tatu zilikwenda vizuri. Kitanzi kilifanya kazi kila mara, ila muda ndio haukutosha. Mpango uliweka dakika 2 za kutunza kwa kila wimbo. Wa bayati peke yake ulichukua 8, na wa hijazi karibu 10. Udi hazikusikika nyuma ya selo tatu, kwani vipaza sauti vilikuwa vinne na viwili vilipewa waimbaji. Wimbo wa hijazi ulipokwisha, kibali cha uwanja kilibakisha dakika tatu. Samai haikupigwa.

Uchambuzi

Aliyekuja Unguja alikuwa na mafunzo ya namna mbili ndani yake, na kwa siku tatu za mwanzo alitumia yasiyofaa. Mwongozaji wa okestra ya jukwaani huleta wazo lake, kasi yake, na la yake, kwa sababu ana siku nne na watu wote wanasoma. Mwongozaji wa opera ameishi miaka kwenye shimo, akimtazama mtu aliye juu anayeweza kusahau maneno, kukosa pumzi au kungoja makofi, na kazi yake ni okestra isianguke kwa lolote kati ya hayo. Penseli nyekundu ya Jumanne na pumzi ya mdomo wazi ya Jumamosi si mambo ya kubuni papo hapo. Ni chumba cha piano cha miaka ya mwanzo. Taarab ni muziki wa mwimbaji na shairi. Lau angeanza na mwimbaji Jumamosi ya kwanza badala ya kuanza na la, usiku mbili zingeokolewa.

Kuweka kijiti chini kuna hatari yake. Kulifaa kwa sababu kikundi kilikuwa na dumbak imara na Maalim. Mahali ambapo wapiga midundo wanasitasita, mwongozaji anayeacha mdundo anaacha wimbo mzima.

Kuchanganya viti ndio uamuzi uliozaa zaidi kwa gharama ndogo kuliko yote, na ungefaa kufanywa kabla ya nota ya kwanza. Robo toni haifundishiki kwa alama. Hata hivyo karatasi ingeweza kusaidia zaidi: jina *sika* liandikwe juu ya kila nota hiyo, na mshale mdogo wa kwenda juu kwa rasta, wa kwenda chini kwa bayati. Na kila karatasi ipigwe na mtu mmoja kwa fidla moja kabla wageni hawajafika. Kosa la viola lingejulikana kwa saa mbili za kazi, alasiri moja, bila mtu kuaibika. Vivyo hivyo, nota zinakiliwe kutoka harusini, si kutoka mazoezini. Wimbo wa taarab usio na watunzaji haujakamilika, na aliyeunakili hivyo amenakili mifupa.

Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Mwongozaji alitumia desturi ya Ulaya, kwamba kikubwa huwekwa mwisho, mahali ambapo mwisho hauna saa. Nyimbo za kutunzwa ndizo zinazonyumbulika, na kinachonyumbulika hakiwekwi kabla ya kisichoweza kukatwa. Samai mwanzoni ingekuwa na muda wake kamili, ingepatanisha kanuni, ingepasha ngozi joto na ingewapokea wachelewaji. Sentensi ya Maalim ilikuwa na sababu hizo zote ndani yake. Hakuulizwa azieleze, na mzee wa hadhi yake haongezi maneno asipoulizwa. Hapa lawama si ya mgeni pekee: kijana wa nota na waratibu walijua, wakanyamaza kwa adabu.

Suala la fedha lilileta ukungu mwisho wa usiku. Noti alizopewa soprano alizikabidhi kwa mratibu akidhani ni za kikundi. Kwa desturi ya kikundi, za kutunza huingia mfukoni mwa pamoja na kugawanywa, na mwimbaji hupata fungu kubwa. Hakuna aliyeamua kama mgeni yumo katika mgao. Noti zilikaa kwenye bahasha wiki mbili.

Katika kazi hii hadithi ya Arturo Toscanini hupenda kurudiwa: tarehe 30 Juni 1886, Rio de Janeiro, mpiga selo wa miaka 19 aliinuliwa kwenye kiti chake kuongoza Aida baada ya waongozaji kuzomewa, naye akaiongoza yote kwa kichwa. Waongozaji husimuliana kama muujiza. Wapiga fidla wa kikundi waliisikia kutoka kwa mgeni mmoja Ijumaa wakati wa chai ya tangawizi, wakangoja sehemu ya kushangaza, haikuja.

Onyesho la marudio limepangiwa kaskazi ijayo. Karatasi zimechapwa upya, mabano ya kitanzi yamo humohumo kwa wino mwekundu, na vibanio vya nguo vimefikishwa 72. Mpangilio umeandikwa na Maalim kwa mkono wake, nyuma ya kalenda ya duka: samai, Handel, bayati, rasta, kipande cha wageni, hijazi. Mbele ya hijazi, mahali pa dakika, ameacha wazi.